Maharage ya Juu ya Kopo

Kazi yangu ilikuwa kuosha mizizi. Majirani zangu wa Gasenyi walicheka walipoisikia: serikali inamlipa mwanamke mzima, mwenye akili zake, aoshe mizizi ya maharage ambayo hayataliwa. Wacheke tu. Kuosha mzizi pasipo kuukata ni kazi ya mikono, na mikono ya namna hiyo si kila mtu anayo. Unachimba mbali na shina, unainua mche pamoja na bonge lake la udongo, unaliloweka kwenye beseni mpaka udongo uachie wenyewe, halafu unamimina maji kidogo kidogo. Ukifanya haraka, vinundu vinabaki kwenye tope, na umemharibia mtu hesabu yake.

Vinundu ndivyo tulivyokuwa tunavihesabu. Mche wa maharage wa kawaida una vinundu vidogo vya mviringo kwenye mizizi, na ukikipasua kimoja kwa ukucha utaona ndani ni chekundu. Humo wanakaa wadudu wa udongoni, wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Mmea unawajengea nyumba, nao wanaulisha kwa chakula wanachokitoa hewani. Hayo nilifundishwa na Injenyeri Gaspard, Mrundi, kijana wa miaka ishirini na minane aliyerudi kutoka masomoni Ulaya na viatu visivyofaa shambani. Alikuwa mkuu wa sehemu ya maharage kwenye kituo chetu cha mbegu, kaskazini ya mji, ukishapita Gasenyi. Mimi, Marguerite, nilikuwa pale tangu mwaka wa sitini na tano, nilipovuka kutoka Uvira kwa ajili ya vita.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Gaspard aliijua hasira yangu mapema. Wanawake wa huku hupanda maharage mchanganyiko, meusi, mekundu na ya njano katika shamba moja, na sisi pia tulikuwa na shamba la namna hiyo. Siku moja Gaspard aliona humo mche mmoja wa manjano katikati ya ile ya kijani. Nikauchimba, nikauosha. Mizizi ilitoka mitupu, hakuna hata kinundu kimoja. Akaja mpaka penye beseni langu.

"Marguerite, umevikwangua."

"Mi ni mutu wa kukwangua?" nikamwambia. "Chimba we mwenyewe basi, na hivyo viatu vyako."

Hatukusemeshana siku tatu. Lakini ule mche ulikuwa na maganda yaliyokwisha kukomaa, na ndani mlikuwa na punje tisa. Alizipanda mahali ambapo maharage hayajawahi kukosa vinundu. Wiki tano baadaye tulichimba miche sita, akasimama juu ya kichwa changu nikiosha, hata kupepesa macho hakupepesa. Yote sita ilikuwa mitupu. Aliomba msamaha kwa Kifaransa, halafu kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Niliupokea ule wa tatu.

Ile miche mitatu iliyobaki aliitunza kwa mbolea, maana bila wale wadudu ilikuwa na njaa. Ilipotoa maua aliyafungua kwa kikoleo kidogo kabla hayajafunguka yenyewe, akapaka vumbi la maua ya maharage ya kawaida, akafunga kila ua kwa uzi. Alipata punje saba. Akazipanda, zikaota, akafukua udongo kidogo pembeni ya kila mche aone. Vinundu vilikuwapo kwenye yote saba.

"Basi imepotea," nikasema.

"Apana. Imejificha." Akachuchumaa, akachora kwa kijiti. "Kila mbegu inapokea barua mbili, moja ya baba, moja ya mama. Barua ya kawaida inasema: jenga nyumba. Barua ya ule mche wangu ni karatasi nyeupe, haina neno. Mwenye barua moja yenye neno na moja nyeupe atajenga tu, neno moja linatosha. Anayepata nyeupe mbili ndiye hajengi. Hawa saba wamebeba nyeupe moja moja. Wakizaa, katika kila wajukuu wanne, mmoja ataangukiwa na nyeupe mbili."

Hizo barua yeye aliziita jeni. Alikuwa amemwandikia profesa wake Ulaya kwamba mche huo anao, na kwamba akishahesabu wajukuu ataandika kila kitu. Nilimwuliza faida yake nini, mche usiojenga nyumba. Akasema ukiijua barua isiyo na neno, unaweza kuitafuta ile yenye neno, na siku moja kuwapa watu maharage ya kujenga nyumba nyingi zaidi, wasihangaike na mbolea. Nilimwamini. Nilikuwa na sababu zangu za kupenda kazi hiyo iende mbele, na kubwa ni kwamba mizizi ile ilipita mikononi mwangu.

Sasa nimtaje Mwavita. Mwavita alikuwa mchambuaji wetu wa mbegu, na ni mimi niliyemleta. Alivuka kutoka upande wa Uvira na watoto wawili, mume wake alikwisha kuuawa, akafikia chumba cha nyuma ya nyumba yangu. Alikuwa na macho. Ukimwagia ungo wa mchanganyiko wa rangi nane, kabla hujamaliza kufunga kitambaa chako anakurudishia vilima vinane. Nilimpeleka kwa Shefu Sébastien, mkuu wa kituo kizima, nikasema huyu namdhamini. Kwa kazi ile alipata kadi ya mfanyakazi, na kwa kadi ile alikaa mjini bila kuulizwa na mtu, na watoto wake walikula. Hakuwa na kingine.

Shefu Sébastien hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria moja: mbegu ya kituo haiguswi. Idi, mlinzi, aliwahi kuchoma hindi moja la majaribio, moja tu, na alifukuzwa kabla halijapoa. Kila mfanyakazi mpya alisimuliwa habari za Idi siku ya kwanza. Mwavita nilimsimulia mimi mwenyewe.

Mwezi wa tano, mwaka wa sitini na tisa, ile miche saba ilikomaa na mvua bado haijataka kuondoka. Bati la ghala letu lilikuwa linavuja. Gaspard aliyachuma maganda yote, akayatia kwenye gunia dogo, akaogopa yataoza. Mwavita akasema kwake kuna jiko, anaweza kuyakausha juu ya uchaga. Gaspard akampa gunia. Halafu akatazama mezani, akaona kopo la kahawa lililokwisha, lenye kifuniko, akampa na hilo.

"Ukimaliza kupukuchua, unirudishie mbegu mu hii."

Wiki mbili baadaye Mwavita alilirudisha kopo, limejaa mpaka kifuniko kilibidi kusukumwa na kiganja. Gaspard alizihesabu zote mezani, mia nne na arobaini na sita. Alikuwa ametegemea mia mbili na kitu. Alifurahi, akaniambia mahuluti, mimea ya wazazi wawili tofauti, mara nyingi huzaa kuliko wazazi wao, hata vitabuni imeandikwa. Rangi yake ilikuwa moja, nyekundu yenye alama nyeupe kwenye kitovu. Mwavita akazirudisha ndani ya kopo, Gaspard akashindilia kifuniko.

Hapo kuna jambo moja dogo. Mwavita alipozirudisha, hakuzichanganya. Alikuwa amezimwaga taratibu juu ya kitambaa, Gaspard akahesabu kutoka upande mmoja wa kitambaa akisogeza punje kumi kumi, na Mwavita akazirudisha kuanzia zile zilizotoka chini ya kopo, kama zilivyokuwa. Nilimwona akifanya hivyo. Nilidhani ni usafi wake tu.

Mwezi wa sita tulipanda, mistari kumi na sita, punje ishirini na tano kila mstari, kuanzia penye mfereji wa maji kwenda juu. Gaspard alitoboa mashimo, mimi nilichota punje kutoka juu ya kopo na kuzidondosha. Zilibaki arobaini na sita chini ya kopo. Akalifunga, akaliweka kwenye rafu.

Baada ya wiki tano tulichimba. Niliosha siku nne, Gaspard akiandika. Mstari wa kwanza vinundu kila mche. Wa pili hivyo hivyo. Tulipofika wa tano aliacha kupiga mluzi. Tulipofika wa nane alikuwa amekaa chini kwenye tuta na daftari magotini. Halafu katika mstari wa tisa ikatoka mizizi mitupu, sita. Wa kumi, saba. Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Mitupu yote ilikuwa hamsini na moja, na yeye alihitaji mia, au karibu na mia. Na yote hamsini na moja ilikuwa juu, mbali na mfereji.

Shefu Sébastien alituita ofisini, Gaspard na mimi, maana daftari la kuosha lilikuwa na jina langu. Alilisoma polepole. Alikuwa anasoma kila kitu polepole.

"Gaspard, hapa hakuna barua wala jeni," alisema. "Penye mfereji kuna maji, wale wadudu wapo, vinundu vipo. Juu ni pakavu, wadudu ni wachache, vinundu vinakosekana. Ni udongo. Mche wako wa kwanza ulikuwa umeota mahali pabaya, basi."

"Na ile sita niliyopanda mahali pazuri?"

Shefu akanitazama. "Ile iliyooshwa na nani?"

Nilingoja Gaspard ajibu. Mpaka leo namwona ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake.

"Ama ni udongo, ama wanawake wanakwangua," Shefu akasema. "Nitaandika yote mawili. Jumatatu shamba lile linalimwa, tunapanda mpunga. Wafanyakazi wa maharage watahamia mpunga, hakuna atakayeachishwa kazi."

Nilitoka pale nimekasirika. Miaka minne nimeosha mizizi, sijakata hata mmoja, na leo inaandikwa kwenye karatasi ya serikali kwamba nakwangua. Mpunga haukunihusu. Gaspard na profesa wake, nao waende zao. Ni hilo neno kukwangua nililotaka lifutwe.

Saa ya kula nilikaa na Mwavita nyuma ya ghala, nikamwaga yote. Nilimweleza mistari minane ya chini yenye vinundu, mistari minane ya juu yenye mitupu. Nilimwambia katika mistari ya juu hesabu ilikuwa sawasawa kabisa, mia mbili kwa hamsini na moja, mmoja katika wanne kama Gaspard alivyotaka, ila ile minane ya chini imetuharibia. Mwavita alikuwa na tonge la ugali mkononi. Hakulila, alilirudisha kwenye sahani.

"Yaya," akasema, maana kwao yaya ni dada mkubwa, "mulianza kupanda na za juu ya kopo?"

"Ndiyo. Kwani?"

Akaisukuma sahani pembeni. Kisha akasema, "Za juu zilikuwa zangu."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Alipomaliza kupukuchua yale maganda, mbegu zilifika nusu ya kopo. Aliogopa. Kwao, na hata kwetu, mtu akikupa chombo umrudishie kitu ndani yake, chombo kinarudi kimejaa. Ukikirudisha nusu umesema moja ya mambo mawili: kwamba huna adabu, au kwamba nusu nyingine umeila. Na yeye alikuwa amesimuliwa habari za Idi.

"Nilijua Injenyeri ameona maganda, anajua yanajaza kopo," akasema. "Sasa nitamwambia nini? Watasema nilipika. Nikachukua maharage yetu ya kula, nikachagua yenye ile rangi, yenye kitovu kile kile, moja moja. Nikaongeza. Mi sikuiba, yaya. Niliongeza."

"Na siku ile ya kuhesabu, ulizirudisha kwa mpango."

"Nilitaka za kwake zisichanganyike na za kwangu. Nilifikiri za juu atazila kwanza, mbegu zake zibaki chini."

Wallahi sikujua nicheke au nilie. Mwavita alikuwa amechagua punje mia mbili zinazofanana na za Gaspard mpaka Gaspard mwenyewe, na masomo yake yote, hakuona. Maharage ya kawaida kutoka chungu chake. Bila shaka yalikuwa na vinundu, yangekosaje?

"Twende ukamwambie," nikasema.

"Apana."

"Mwavita, wameandika kwamba mi nakwangua."

"Yaya, na mimi ile kadi? Na Idi je?"

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nilimwambia Idi alikula, yeye aliongeza, si kitu kimoja. Nilimwambia Injenyeri atakuwa na furaha mpaka atamtetea mwenyewe mbele ya Shefu. Nilimwambia mimi ndiye niliyemdhamini, na mimi ni mtu wa zamani pale, hawatamgusa nikiwapo. Hayo yote niliyasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Sikuwa na hakika ya lolote. Nilitaka jina langu litoke kwenye ile karatasi kabla ya Jumatatu, na mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa Mwavita. Aliosha mikono, akafunga kitambaa chake upya, tukaenda.

Gaspard alipoelewa, alisimama, akakaa, akasimama tena. Alichukua daftari, akafuta mistari minane kwa kalamu nyekundu, akagawanya, akasema kwa Kifaransa neno ambalo silijui. Alimshika Mwavita mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Halafu akatupeleka ofisini mbio mbio, mimi, Mwavita na lile kopo.

Shefu alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali matatu: kama aliyeongeza ni Mwavita mwenyewe, kama alijua ni mbegu za kituo, na kama aliwahi kusimuliwa sheria. Mwavita alijibu ndiyo mara tatu. Shefu akamwambia aache kadi mezani.

Nilitazama upande wa Gaspard. Gaspard alikohoa, akasema, "Shefu, amesema kweli mwenyewe."

"Ndiyo. Na nimeisikia. Nikimwacha huyu, kesho kila mtu anaongeza, anapunguza, halafu anakuja kusema kweli." Akavuta karatasi. "Kuhusu maharage, unazo zilizobaki?"

"Arobaini na sita. Za chini ya kopo."

"Zipande penye mfereji, pale pale penye mistari ya kwanza. Mpunga utangoja wiki tano. Ikitoka mizizi mitupu hapo, nitaamini."

Gaspard akalikumbatia kopo lake. Alikuwa amepata wiki tano. Na mimi, mtu wa zamani, mdhamini, mwenye mdomo kila siku? Nilisimama pale. Nilikuwa na maneno, nayaona kabisa, hata mpangilio wake nilikuwa nao. Mdomo haukufunguka. Niliogopa kadi yangu iwekwe juu ya ile ya Mwavita. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulipotoka, Mwavita hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ni lazima aende kuchukua aproni yake ghalani airudishe, au nitamrudishia mimi. Nikasema nitamrudishia.

Wiki zile tano nilikuwa nampelekea chakula. Sufuria yangu kubwa, ile yenye mfuniko, niliijaza ugali na samaki au sombe, majani ya muhogo, naiweka mlangoni kwake jioni kabla taa hazijawashwa. Mara ya kwanza aliirudisha imeoshwa na ndani kuna ndimu tatu. Nikamwambia aache mambo hayo, hana kazi. Mara ya pili niliikuta na rundo la mboga za lenga lenga. Mara ya tatu nilimgombeza kabisa, nikamwambia hiyo sufuria akae nayo, nitachukua siku nyingine. Alikuwa anazunguka mjini akitafuta kazi, mpaka Musaga, upande wa pili wa mji, alifika kwa miguu. Kila mahali waliuliza kadi.

Siku ya thelathini na tano tulichimba zile arobaini na sita. Shefu alikuja mwenyewe na kiti chake. Nilitandika magunia, nikaweka mabeseni matatu, nikaanza. Sikuwahi kuosha mizizi namna ile. Maji nilimimina kwa kikombe cha chai. Mche wa kwanza ulikuwa na vinundu, wa pili vinundu, wa tatu mtupu. Nikaupandisha juu Shefu auone. Akauchukua, akaugeuza, akapitisha kidole kuutafuta mkwaruzo, akaurudisha. Tulipomaliza, mitupu ilikuwa kumi na miwili. Kumi na miwili katika arobaini na sita, kando ya mfereji kabisa, kwenye udongo ule ule uliosingiziwa.

Shefu alitoa ile ripoti yake ya kwanza kwenye mfuko wa koti, akaichana mara mbili. Akanipa mkono. "Marguerite," akasema, "mikono yako ni safi." Ndilo neno nililolitaka kwa wiki tano. Nililipokea, na halikuwa na ladha yoyote.

Gaspard alikuwa anacheka peke yake. Alikusanya ile miche mitupu kwenye gunia lenye maji, akihesabu tena na tena. Shefu alipoondoka na kiti chake, Gaspard akanigeukia, uso wote unang'aa.

"Unajua nini, Marguerite? Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Hizi arobaini na sita zilikuwa kwenye rafu siku zote. Ningezipanda tu hapa penye mfereji, zingesema zenyewe. Hatukuhitaji hata kumwuliza mutu."

Alisema hivyo, akaendelea kufunga gunia lake. Hakuwa na nia mbaya. Nilimwuliza kama sasa atamwombea Mwavita kwa Shefu. Akasema ndiyo, ndiyo, hebu jambo litulie kwanza, aandike, atume Ulaya, kisha ataona. Aliandika, alituma, na baadaye aliondoka yeye mwenyewe kwenda huko. Sijasikia kwamba aliwahi kuona.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili. Mwavita alikuja nyumbani baada ya misa, watoto nyuma, mkubwa amebeba mkeka, mdogo ameshika taa ya mafuta. Alikuwa amepata mtu Ruziba mwenye shamba kando ya ziwa, atamlimia na kukausha samaki wake, atampa pa kulala. Huko hawaulizi kadi.

"Zilitoka ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na mbili."

Akatikisa kichwa taratibu, akihesabu. "Basi ni kweli. Nilisema kweli."

"Ulisema kweli."

"Na ile yako ya kukwangua?"

"Ameichana."

"Vizuri, yaya," akasema. "Nimefurahi."

Nilitaka kumwambia alichosema Gaspard. Nilitaka kumwambia kwamba kama ningekaa kimya ile siku nyuma ya ghala, kama ningemeza hasira yangu pamoja na ugali, zile mbegu zingesema zenyewe na yeye angekuwa anachambua mpaka leo. Alikuwa amesimama mbele yangu, amefurahi kwa ajili yangu. Sikumwambia. Akaniwekea sufuria yangu mlangoni, ile kubwa yenye mfuniko, akaniaga, wakashuka barabarani kutafuta gari la kwenda kusini.

Nilipoinua sufuria ilinivuta mkono. Nikaifunua. Ilikuwa imejaa maharage mpaka mfuniko uligusa, mekundu, yenye alama nyeupe kwenye kitovu, yote ya rangi moja. Wiki tano hakuwa na kazi. Sijui aliyatoa wapi, na sijui watoto walikula nini siku alizokuwa akiyakusanya. Niliketi chini, nikayamwaga kwenye ungo kwa mazoea, nipate kuondoa mawe na yaliyooza. Niliyapitisha yote, konzi kwa konzi, mpaka mwisho. Hapakuwa na kitu cha kuchambua.